Kijana wa Gerlingen na Wazee wa Rabai

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia jina la Bwana Johannes Rebmann. Wengi wao wamelisikia kwa ajili ya jambo moja tu, kwamba tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, akawa Mzungu wa kwanza kuandika habari zake. Jambo hilo ni kweli, wala hatutaki kulipunguza. Lakini kuuona mlima ni kazi ya asubuhi moja. Mtu huyu alikaa pwani hii miaka 29, wala katika miaka hiyo hakurudi Ulaya hata mara moja. Na sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwa mlimani wala njiani, bali alikuwa amekaa Rabai na Kisulutini, akiuliza maneno. Habari za kukaa kwake ndizo tupendazo kuzieleza hapa, kwa maana twaona zimesahauliwa, na pamoja nazo wamesahauliwa wale waliomfundisha.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Württemberg, upande wa kusini wa Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa mizabibu. Twalitaja neno hili kwa kusudi, kwa sababu wako watu wadhanio kwamba kila Mzungu aliyekuja zamani alitoka katika nyumba kubwa yenye watumishi. Rebmann alikuwa mtoto wa kijijini, aliyekua kati ya watu waliongojea mvua na jua kama sisi tungojavyo. Alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, kule Uswisi, kisha akapelekwa Islington katika mji wa London, kwenye chuo cha chama cha CMS, akapewa daraja ya ukasisi mwaka 1845. Siku zile Waingereza waliojitoa kwenda mbali walikuwa wachache, kwa hiyo chama kiliwachukua vijana wengi wa Kijerumani. Basi kabla ya kufika Afrika alikuwa amekwisha kuwa mgeni mara mbili, tena alikuwa amekwisha kujifunza kuomba na kuhubiri kwa lugha isiyokuwa ya mama yake.

Alifika Mombasa tarehe 10 Juni 1846, umri wake miaka 26. Aliyempokea ni Dakta Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake wa Württemberg, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Krapf alikuwa mtu wa moyo mkuu, lakini alikuwa mpweke. Ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, palikuwa na kaburi la mkewe Rosine, aliyekufa kwa homa mwezi wa Julai 1844, na mtoto wao mchanga akafa pamoja naye. Kijana mgeni hakuwa na haja ya kuambiwa kwa maneno kwamba nchi hii huua. Kaburi lilikuwa limekwisha kusema. Naye mwenyewe hakukaa siku nyingi kabla ya kushikwa na homa.

Kusudi lao halikuwa kukaa mjini, bali kwenda kwa watu wa vilima vya nyuma ya Mombasa, walioitwa Wanyika siku zile, ambao sasa huitwa Wamijikenda. Wazee wa Rabai walikutana, wakashauriana kama ilivyo desturi yao, wakawapa ruhusa. Tarehe 25 Agosti 1846 wakahama. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, nao walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu wakipanda kilima. Krapf aliandika baadaye kwamba ni shida kupata misheni nyingine iliyoanzwa katika udhaifu kama ule. Tukiwatazama kwa macho ya wazee wa Rabai, twaona nini? Twaona watu wawili weupe kwa ugonjwa kuliko kwa rangi, hawana jeshi, hawana bidhaa za kutosha kuitwa wafanya biashara, hawana wake wala watoto, nao wasema wamekuja na habari njema. Hatushangai kwamba walikubaliwa bila hofu kubwa. Hapakuwa na kitu cha kuogopwa.

Ilikuwapo nyumba ya kujengwa, nayo waliijenga kwa udongo na miti, wakaiezeka kwa makuti, na kazi nyingine wakaifanya kwa mikono yao wenyewe, siku za homa na siku za nafuu. Mambo ya chakula na malazi hatutakawia kuyaeleza. Mtu mwenye afya huzoea ugali na muhogo kwa miezi michache, na mtu mgonjwa hazoei hata chakula cha mama yake. Ugumu wa nchi ngeni haupo hasa katika sahani. Upo katika mambo mawili, yaani saa na maneno.

Kwanza tuseme habari ya siku. Wageni wale walikuja na juma la siku 7, wakadhani, kama wadhanivyo watu wote waliolelewa nalo, kwamba hata jua na mwezi vinalijua. Kumbe Warabai walikuwa na juma lao la siku 4. Siku tatu walilima na kufanya kazi, na siku ya nne, iitwayo jumwa, waliacha jembe wakapumzika. Msomaji na ahesabu mwenyewe. Ukiwa na juma la siku 7 na jirani yako ana juma la siku 4, basi Jumapili yako itakutana na siku yake ya kupumzika mara moja tu katika siku 28. Mara nyingine zote utamwita aje kusali siku ya kulima, nawe utamkuta akipumzika siku ufanyayo kazi. Mzee wa Rabai aliyemwona Rebmann akipiga msumari siku ya jumwa alikuwa na haki ya kufikiri kwamba huyu Mzungu hana dini. Na Rebmann aliyemwona mzee yule shambani siku ya Jumapili alifikiri vivyo hivyo juu yake.

Tena walipoalikwa kuja kusikia Neno kila Jumapili, wazee waliuliza watapewa nini, kwani mtu haji barazani mara kwa mara bila wali. Krapf alihuzunika sana kwa swali hilo, na waandishi wengi baada yake wamelisimulia kuwa ni dalili ya tamaa. Sisi hatukubali. Nani kati yetu asiyejua kwamba mwenye kuita watu barazani ndiye mwenye kuwalisha? Katika Rabai hapana shauri lililokatwa, wala mahari iliyopatanwa, bila tembo la mnazi na kitu cha kutafuna. Mtu awaitaye wazee, akawaketisha, akawasemesha muda wa asubuhi nzima, kisha akawaacha waende na njaa, ndiye aliyekosa adabu. Wazee wale hawakuuza roho zao kwa wali. Walikuwa wakimkumbusha mgeni desturi ya mwenye baraza.

Jambo la pili ni maneno. Rebmann alijifunza Kiswahili na Kirabai pamoja, kwanza kwa msaada wa Krapf, aliyekuwa amekwisha kuandika maneno mengi, kisha kwa watu wenyewe. Hapakuwa na kitabu cha kununua. Kila neno lilitoka kinywani mwa mtu, likaandikwa karatasini, kisha likajaribiwa kwa mtu wa pili, naye pengine akacheka. Mtu mzima mwenye elimu ya vyuo viwili hana budi kuwa mtoto tena. Huuliza jina la jiwe, jina la kamba, jina la jirani wa mjomba. Hata majina ya watu yalikuwa fumbo kwake. Mzee mmoja aliyependa kuja kwao aliitwa Abe Gunja, na hilo si jina alilozaliwa nalo. Maana yake ni Baba Gunja, kwa kuwa huko mtu huheshimiwa kwa jina la mwanawe. Basi kijana asiye na mke wala mtoto angeitwaje? Katika hesabu ya Warabai alikuwa bado hajawa mtu mzima, hata akiwa na daraja ya ukasisi.

Na neno lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa gumu kuliko yote. Mulungu kwa Kirabai ni Mungu, na tena ni mbingu hii ya juu tuionayo. Mgeni alipotaka kusema ya kuwa Mungu aliziumba mbingu, alijikuta amesema jambo lisiloeleweka. Wasomaji wetu ambao wamepata kufasiri hata sura moja ya Maandiko katika lugha ya kwao watajua shida hiyo. Hatudhani kwamba iliwahi kumalizika kwa siku moja. Iliisha polepole, kwa mazungumzo mengi, hata neno la zamani likapata kubeba mzigo mpya.

Lakini lazima tuseme kweli pia. Yako mambo ambayo wageni hawa hawakutaka kuyajua kwa upole. Warabai walikuwa na ngoma yao ya siri iitwayo mwanza, iliyofichwa msituni mwa kaya. Ilipolia, wanawake na watoto walijificha, kwa kuwa haikuwa halali kwao kuiona. Wageni waliichukia, wakaisema vibaya waziwazi. Huenda walikuwa na sababu, maana jambo linalotawala watu kwa hofu halifai kusifiwa. Lakini mgeni akaaye katika nyumba aliyopewa ruhusa ya kujenga, akasimama na kuitukana siri ya wenyeji kabla ya kuielewa, hufunga kwa mkono mmoja mlango alioufungua kwa mkono mwingine. Katika shida hiyo Krapf alikuwa mkali zaidi. Naye Rebmann, kwa tuonavyo sisi, alijifunza kwa miaka kunyamaza kwanza.

Sasa tuje kwenye safari, kwa kuwa safarini ndiko alikojulikana. Mwezi wa Oktoba 1847 alikwenda Kadiaro, mlima wa Taita uitwao sasa Kasigau. Tarehe 27 Aprili 1848 akaondoka tena kwenda Uchaga, pamoja na watu wachache, na mkuu wa msafara alikuwa Bwana Kheri wa Mombasa, mtu aliyezijua njia zile kwa biashara. Wale watu walikuwa na pinde na mishale. Rebmann alikuwa na mwavuli. Watu wengi waliosikia habari hiyo wameicheka, na kwa kweli ni jambo la kuchekesha, mtu kupita katika nyika ya simba na vita akiwa ameshika mwavuli. Lakini tuangalie lililo nyuma yake. Mtu asiye na bunduki hana budi kumtegemea kiongozi wake kwa kila kitu, aulize njia, aulize maji, aulize desturi ya kupita katika nchi ya watu. Bunduki ingalimpa njia ya kutosikiliza.

Kabla ya kuondoka, liwali wa Mombasa alimwonya Bwana Kheri asimpeleke Mzungu juu ya Kilimanjaro, kwa kuwa mlima ule una pepo; waliojaribu kuupanda walikauka mikono na miguu, na baruti yao ikakataa kuwaka. Rebmann aliandika maneno hayo, wala hakuyatupa. Hata asubuhi ile ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe, akamwuliza kiongozi wake ni nini. Yule hakuwa na jina lake. Akasema ni baridi. Neno moja tu, na kijana wa Gerlingen, aliyeijua theluji tangu utoto wake, akaelewa papo hapo. Maonyo ya pepo yakapata maana: mikono iliyokauka ni mikono iliyogandishwa na baridi. Tena alipofika kwa Wachaga aliona kwamba wao walikuwa wanajua. Walikuwa na jina, kibo, nao walijua kwamba kile cheupe hugeuka maji. Walimsimulia habari za watu waliotumwa zamani kwenda kutazama kitu kile, na jinsi wengi wao walivyopotea huko juu.

Habari ilipopigwa chapa Uingereza mwaka 1849, bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtu wa kuchora ramani asiyepata kukanyaga Afrika, aliikanusha akasema haiwezekani theluji kukaa karibu na mstari wa ikweta. Aliendelea kukanusha miaka mingi, hata baada ya Baron von der Decken kuupanda mlima sehemu katika miaka ya 1861 na 1862 na kuthibitisha yote. Basi mwalimu wa London hakujua alichokijua mchukuzi wa Mombasa. Jambo hili latupendeza kidogo, twaungama.

Safari ya tatu ndiyo iliyomwumiza. Mwezi wa Aprili 1849 aliondoka na wapagazi wapata 30, akikusudia kupita Uchaga kwenda mpaka Unyamwezi. Alikuwa amekwisha kuonana na Mangi Mamkinga wa Machame katika safari ya pili, akapokewa vizuri, hivyo alimwamini. Mara hii Mangi alimkawiza siku baada ya siku, akiomba kitu hiki na kile, hata vitu vyote vilivyowekwa kwa ajili ya njia ya mbele vikaisha mikononi mwake. Rebmann akalia machozi mbele yake. Mangi alipouliza sababu, Rebmann alijibu kwamba haumii kwa kupotewa na mali, bali kwa kuwa vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao, ili Neno la Mungu lifike mbele zaidi.

Tumeifikiri sana habari hii. Kwa Rebmann yule Mangi alikuwa mnyang'anyi. Kwa Mangi, mgeni aliyekuja mara ya pili na mizigo mingi zaidi kuliko ya kwanza alikuwa rafiki ajaye na zawadi. Na rafiki hapitishi zawadi mlangoni pa rafiki yake kuzipeleka kwa watu wengine. Hatusemi kwamba Mamkinga alitenda haki. Alijua vema kwamba anamkamua mgeni asiye na nguvu. Lakini hata kuagana kwao kulikuwa na maana mbili. Wachaga wa siku zile walimbariki mtu kwa kumtemea mate, kama wafanyavyo wazee wa makabila mengi wambarikipo mtoto. Naye Rebmann, aliyekwisha kunyang'anywa, mgonjwa, akatemewa mate aende kwa amani. Mtu wa Ulaya atemewaye mate huona ametukanwa tusi kuu kuliko yote. Yeye alijua si tusi. Alikuwa na miaka mitatu katika nchi, na miaka hiyo mitatu ilimfaa siku ile. Alirudi Rabai mwezi wa Juni akiwa hoi.

Baada ya hayo hakuwa tena na hamu ya safari ndefu. Hapo ndipo yeye na Krapf walipoachana kwa mawazo, ingawa hawakuachana kwa upendo. Krapf alitaka vituo vya misheni vifuatane kama mnyororo tangu pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi. Krapf aliporudi kutoka Ulaya mwaka 1851, alikuta Rebmann na mwenzake mpya, Bwana Jakob Erhardt, wamepata ardhi Kisulutini, karibu na Rabai, nao wanajenga nyumba ya kudumu. Hakupendezwa. Kwa macho yake walikuwa wamekaa chini wakati wa kwenda. Rebmann aliona vingine: huwezi kumpa mtu habari usiyoweza kuisema kwa lugha yake, na lugha haishikwi na mtu apitaye. Mzozo huo si wa watu wawili tu; kila kanisa limeuona, na katika vijiji vyetu umo pia. Sisi twamwelekea Rebmann, ijapokuwa twajua kwamba bila watu wa namna ya Krapf pengine asingalikuwa na mahali pa kukaa.

Mwaka 1851 alikwenda Misri, akamwoa Emma Tyler, Mwingereza, wakarudi pamoja. Krapf aliondoka kwa ugonjwa mwaka 1853, na Erhardt mwaka 1855, wakabaki mume na mke. Ramani waliyoichora Rebmann na Erhardt kwa maneno ya watu wa misafara, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, ilipigwa chapa Ulaya mwaka 1856, nayo iliwatia watu hamu ya kuja kutazama. Hata Burton na Speke walipopita Kisulutini mwezi wa Januari 1857, walikuja na mwaliko wa kumtaka aende pamoja nao barani. Akakataa. Mwaka ule ule Wamasai wakaishambulia nchi ile, ikampasa kuhama kwa muda.

Kazi yake ya miaka hiyo ndiyo twaiona kuwa moyo wa habari hii. Palikuwa na mtu mmoja, jina lake Salimini. Alikuwa mtumwa, aliyetekwa katika nchi za upande wa ziwa Nyasa, akauzwa pwani, akafika Mombasa. Rebmann alipomkuta alitambua kwamba mtu huyu amebeba kifuani lugha ambayo hapana Mzungu aliyeiandika vema, lugha iitwayo sasa Kichewa. Tangu mwaka 1853 wakaketi pamoja, Rebmann akiuliza kwa Kiswahili, Salimini akijibu kwa Kinyasa, akimweleza mito, mazao, samaki, ndoa na mazishi ya nchi ambayo hakutazamia kuiona tena. Rebmann alimsifu kwa akili na kwa uwezo wa kueleza. Na tujaribu kuiona baraza ile. Mmoja ametoka kwao kwa hiari, mwingine kwa kamba. Wote wawili wako ugenini, na lugha yao ya kuelewana si ya mmoja wala ya mwingine. Lakini katika kitabu kile, Salimini ndiye mwalimu na Rebmann ndiye mwanafunzi. Twatamani tungalijua mengi zaidi juu ya Salimini kuliko jina lake.

Waumini walikuwa wachache, nayo habari hiyo haifichiki. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete aliyewasikiliza kwa saburi, akabatizwa mwaka 1851 karibu na kufa kwake. Abe Gunja, yule mzee wa siku za mwanzo, alikawia mpaka miaka ya 1860 ndipo akabatizwa. Na mtu aliyefikiri zaidi ya miaka 10 kabla ya kukubali hakukubali kwa ajili ya wali. Emma, aliyewafundisha watoto, alikufa mwaka 1866, na mumewe akabaki peke yake. Walikuwapo majirani, kina Bwana Thomas Wakefield wa Kimethodisti waliokaa Ribe tangu mwaka 1862, na tangu mwaka 1864 walikuwapo wasaidizi wenye nguvu, kina William Jones na George David, Waafrika waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Bara Hindi. Lakini macho yake yalikuwa yakififia. Alipotembelewa na Sir Bartle Frere mwaka 1873 alikuwa karibu kuwa kipofu, na wageni waliokuja baadaye walimkuta haoni kabisa, bado anashughulika na kamusi zake. Wengine walimlaumu: miaka karibu 30, na Wakristo wa kuhesabika kwa vidole! Wakubwa wa kule London nao walitaka hesabu.

Hesabu ni jambo jema, na kanisa lisilohesabu watu wake hupotewa na kondoo. Lakini wale waliokuja baadaye, wakajenga Freretown kwa nguvu na haraka, walianza kusema na watu kwa maneno ambayo mtu mwingine alikuwa amekwisha kuyakusanya moja moja. Mtu achimbaye msingi huonekana hajajenga kitu.

Mwaka 1875 Rebmann alirudi Ulaya, umri wake miaka 55, kipofu. Aliyemshika mkono alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Ndipo kijana wa Rabai alipokuwa mgeni kwa zamu yake, katika nchi ya baridi aliyopata kuisikia tu, kati ya watu wanaokula nyakati ngeni na kusema maneno mageni, akimwongoza mzee njiani na kumwambia yaliyo mbele yake. Rebmann alikaa Korntal, si mbali sana na kijiji alichozaliwa, na Krapf alikuwa akikaa huko huko. Wazee wawili waliopanda kilima cha Rabai na punda mmoja wakawa majirani tena. Alioa mara ya pili mwaka 1876, na tarehe 4 Oktoba ya mwaka ule ule akafa.

Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili ilipigwa chapa mwaka ule wa 1876. Mwaka 1877 Krapf akaitoa kamusi ya Kinyasa, yenye maneno ya Salimini. Na mwaka 1882 ikatoka kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, ambamo mengi aliyoyakusanya Rebmann yalitiwa. Kamusi ya Kinyika ilingoja mpaka mwaka 1887, wakati wote wawili wamekwisha kufa. Isaac Nyondo alirudi kwao Rabai, akaendelea na kazi ya kufundisha.